Si Kila Tumbo ni Karuho

Tufikiri jamaa moja. Hatutaji jina wala kartie, sababu jamaa hii iko Kadutu, iko Bagira, iko Kamituga na iko Nyabibwe. Karibu kila shirika letu linaijua.

Baba wa nyumba ana miaka 66. Katika ujana wake alifanya kazi ya SOMINKI, na kampuni ile ilipokufa mwaka 1997 aliendelea kuchimba kwa mkono, kama wengi. Ni mtu wa nguvu, hajalala kitandani hata mara moja. Siku moja anaanza kuacha chakula katika sahani. Bugali haumpendezi tena, hata sambaza za kukaanga anazisukuma pembeni. Anasema tumbo linamuuma kwa juu, na maumivu yanapenya mpaka mgongoni. Usiku anaamka na kukaa ameinama mbele, sababu akikaa hivyo anasikia nafuu kidogo.

Mwezi wa kwanza wanamnunulia dawa ya malaria. Mwezi wa pili ni dawa ya minyoo, kisha dawa ya kidonda cha tumbo. Mwezi wa tatu suruali zinamwanguka kiunoni, na mtoto mdogo wa nyumba anasema: "Mama, macho ya papa iko manjano."

Hapo mashangazi wanafika, na majirani nao wanafika. Mmoja anatikisa kichwa: "Ile macho haiko ya bule. Banamulisha karuho." Tangu saa ile hakuna tena mtu anayeuliza baba anaugua nini. Wanauliza nani alimlisha. Wanaanza kuhesabu mikono iliyompa chakula: mke wake, mama mkwe, mjane anayeuza kasiksi kando ya njia, na bibi kizee wa nyumba ya pili asiye na mtoto. Wanauza mbuzi, kiisha wanauza shamba, wanamlipa mtu wa kutapisha. Baba anatapishwa mpaka anakosa nguvu ya kusimama.

Anapofikishwa hospitali, munganga anampima tumbo kwa ekografi. Anatazama muda mrefu bila kusema neno, halafu anamwita mtoto mkubwa wa kiume pembeni. Alichokiona ndani ya tumbo la mzee kina jina. Ni kansere ya kongosho.

Leo tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa huu: unashika nani, wa umri gani, wanaume ao wanawake, na kama unaongezeka. Tutaona kwamba hesabu hizi, zinazoonekana kuwa mambo ya wasomi wa mbali, zinaweza kuokoa mgonjwa, na tena zinaweza kumwokoa yule bibi kizee wa nyumba ya pili.

KONGOSHO NI KITU GANI?

Wanganga wetu wanaiita pankreasi. Kiswahili cha vitabu kinasema kongosho. Ni nyama laini, ndefu kama ulimi, urefu wake kadiri ya sentimeta 15, imelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Ndiyo maana maumivu yake yanapenda kupenya mpaka mgongoni.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza, inatoa maji makali yanayosaga chakula ndani ya utumbo, zaidi mafuta. Ya pili, inaweka katika damu insulini, ile inayotawala sukari ya mwili. Kongosho ikiharibika, mtu anaweza kukonda hata kama anakula, na anaweza kupata kisukari.

Kichwa cha kongosho kimeshikana na mfereji unaopitisha nyongo kutoka ini kwenda utumbo. Uvimbe ukiota pale, unabana mfereji kama vile mtu akanyage mpira wa maji. Nyongo inakosa njia, inarudi katika damu, na macho yanakuwa manjano. Mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu, na choo kinakuwa cheupe kama majivu. Mwili wote unawasha. Haya yote yanatoka ndani ya mwili wenyewe, hayaombi mkono wa mtu.

Uvimbe wenyewe ni wa aina mbili kubwa. Ile inayopatikana zaidi inakwenda mbio na ni kali sana. Ile ya pili, inayotoka katika sehemu za kongosho zinazotengeneza homoni, inapatikana mara chache na kwa kawaida inakwenda polepole. Mwimbaji Aretha Franklin wa Marekani, binti wa mchungaji, aliyeanza kuimba katika kanisa la baba yake kule Detroit, alikufa kwa ile aina ya pili tarehe 16 mwezi wa nane 2018, akiwa na miaka 76. Tuikumbuke tofauti hii, tutairudilia.

NANI ANASHIKWA?

Mwaka 2022, katika dunia nzima, watu kadiri ya 511,000 walikutwa na kansere ya kongosho, na watu kadiri ya 467,000 walikufa nayo. Msomaji aweke namba hizi mbili kando kwa kando. Ni karibu sawa. Kansere nyingi haziko hivyo. Ugonjwa huu unajificha nyuma ya tumbo, na mara nyingi unaonekana wakati umekwisha kusambaa. Hata Marekani, penye vyombo vyote, katika watu 100 wanaoupata, kadiri ya 13 tu wanabaki hai baada ya miaka mitano. Miaka ya 1970 walikuwa 3 tu.

Juu ya jinsia, wanaume wanashikwa zaidi kidogo. Hesabu ya mwaka 2020 inaonyesha wagonjwa wapya wanaume karibu 263,000 na wanawake karibu 233,000. Kama tukilinganisha watu wa umri sawa, ni wanaume karibu 6 katika watu 100,000 kila mwaka, na wanawake 4. Tofauti si kubwa. Sehemu yake inatoka kwa tumbaku, sababu katika inchi nyingi wanaume walianza kuvuta mbele ya wanawake na wanavuta zaidi.

Juu ya umri, tofauti ni kubwa sana. Mtu wa miaka 30 kuupata ni jambo la nadra. Baada ya miaka 50 hatari inaanza kupanda, na inapanda kila mwaka. Hesabu ya dunia ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba wanaume wengi walioshikwa walikuwa kati ya miaka 65 na 69, na wanawake wengi walikuwa kati ya miaka 75 na 79. Ni ugonjwa wa mababu na mabibi. Umri wa baba yule wa hadithi yetu, miaka 66, ndio umri wenyewe.

JE, UNAONGEZEKA?

Ndiyo, lakini tusikilize vizuri. Mwaka 1990 ulimwenguni walikufa nao watu kadiri ya 196,000. Mwaka 2017 walikufa kadiri ya 441,000. Mtu akisoma hivyo anashika kichwa: umezidi mara mbili! Lakini katika miaka ile watu wa dunia waliongezeka, na zaidi ya hapo waliishi miaka mingi zaidi. Wenye hesabu wakilinganisha watu wa umri sawa, wanapata wagonjwa wapya 5 katika watu 100,000 mwaka 1990, na karibu 6 mwaka 2017. Basi umeongezeka kidogo kweli, juu ya tumbaku, unene na kisukari. Lakini sehemu kubwa ya nyongeza inatoka kwa habari njema: watu wanafika uzee ambao babu zao hawakuufikia.

Kuna jambo lingine lililoshangaza wengi. Mwaka 2023 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba katika watu wa chini ya miaka 55 ugonjwa huu unapanda haraka zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Magazeti yakaandika kwa herufi kubwa, na wanawake vijana wakaingiwa na woga.

Mwaka uliofuata wanganga wengine wa inchi ile ile wakachungua jambo hilo kwa makini. Waliangalia vijana wa miaka 15 mpaka 39, kutoka mwaka 2001 mpaka 2019. Kwa wasichana na wanawake waliona wagonjwa wamepanda kutoka 3.3 mpaka 6.9 katika watu milioni moja. Kwa wavulana na wanaume, kutoka 3.9 mpaka 6.2. Kumbe vifo havikupanda hata kidogo! Vilibaki pale pale. Kama kansere kali ingekuwa imezidi mara mbili, makaburi nayo yangezidi. Waliona kwamba nyongeza ilikuwa zaidi ya vivimbe vidogo, vingi vya ile aina ya pili ya homoni. Vyombo vya kupiga picha ya ndani ya mwili vimekuwa vingi na vikali, mtu anakwenda kupimwa jambo lingine, na kivimbe kinaonekana. Zamani kivimbe kama hicho kilikaa bila kujulikana.

Vijana wetu washike fundisho hili, sababu litawasaidia kusoma habari nyingi. Namba ya wagonjwa inaweza kupanda sababu ugonjwa umeongezeka, sababu watu wamezeeka, ao sababu macho ya kutafuta yameongezeka. Mbele ya kuogopa namba, uliza imepanda juu ya nini.

NA SISI WA KIVU?

Kwa upande wetu fundisho lile linageuka. Kule wanatafuta sana na wanaona mengi. Huku tunatafuta kidogo na tunaona machache. Katika madaftari ya dunia, inchi za Afrika zina namba ndogo sana za kansere ya kongosho. Kwa sehemu ni kweli, sababu watu wetu wengi ni vijana: katika Kongo karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15, na tumeona kwamba ugonjwa huu unangoja uzee. Lakini kwa sehemu nyingine namba ni ndogo sababu mgonjwa anakufa nyumbani bila kupigwa picha hata moja. Katika daftari la kijiji ameandikwa amekufa kwa tumbo. Katika mazungumzo ya matanga amekufa kwa karuho. Kule Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kinatunza daftari ya kansere tangu miaka ya 1950. Kwa Kongo yetu, wanaofanya hesabu ya dunia wanakisia kutoka madaftari ya inchi jirani.

Msiseme kwamba kuhesabu ni kazi ya bure. Watu wa Kamituga wanajua. Mwezi wa tisa 2023 wagonjwa wenye vipele vya ajabu walianza kufika hospitali. Wauguzi na wanganga hawakuishia kutoa dawa tu. Waliandika umri wa kila mmoja, jinsia yake na kazi yake, wakatuma vipimo maabara. Kutoka katika maandishi yale dunia ilijua kwamba kuna aina mpya ya virusi vya mpoksi, na kwamba ilikuwa inashika zaidi watu wazima vijana, wanaume kwa wanawake. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024 OMS ilitangaza hatari kwa dunia nzima, na mwezi wa kumi chanjo ilianza kutolewa katika inchi yetu. Muji wa wachimbaji wa zahabu uliamsha dunia, sababu mtu mmoja alikamata kalamu na akaandika alichokiona.

LAWAMA NAYO INA UMRI NA JINSIA

Sasa tufike penye maumivu. Tumeona kwamba ugonjwa huu unawashika wazee wanaume na wazee wanawake, bila tofauti kubwa. Lakini tuangalie lawama. Wakati macho ya mgonjwa yanakuwa manjano, kidole kinamwelekea nani? Kinamwelekea mwanamke aliyepika, mjane, mke wa pili, bibi mzee aishiye peke yake. Ugonjwa unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Lawama haigawanyiki hivyo.

Na lawama inaua. Mwezi wa tisa 2021 habari ilienea duniani kwamba katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini wanawake 8 wenye umri mkubwa walioshitakiwa uchawi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Walikuwa mama na bibi za watu. Hakuna aliyewapeleka mbele ya hakimu, hakuna aliyeleta ushuhuda.

Mtu atasema: "Basi sumu haiko?" Sumu iko. Dawa ya panya na dawa ya kunyunyiza mimea zinaua, na mwenye kumlisha mwingine sumu ni mwuaji mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini sumu kama hizo kwa kawaida zinampeleka mtu hospitali kwa masaa ao kwa siku chache. Mzee anayekonda miezi mitatu, maumivu yakimpenya mgongoni, mkojo ukiwa mweusi, choo kikiwa cheupe, mwili ukiwasha, anaonyesha mfereji wa nyongo uliozibwa. Picha moja ya ekografi inaweza kuuonyesha. Picha ile inalipwa kwa feza ndogo kuliko mbuzi mmoja aliyeuzwa juu ya kutapishwa.

Kutapishwa nako kunadhuru. Mgonjwa aliyekwisha kukonda anapoteza maji na chumvi za mwili, na dawa nyingine za mizizi zinachoma figo na ini. Zaidi ya yote anapoteza wakati. Katika watu 100 wenye kansere hii, 15 mpaka 20 tu ndio wanaokutwa mapema, wakati upasuaji bado unawezekana. Kila mwezi unaopita katika kutafuta mchawi unafunga mlango ule.

ALAMA ZA KUANGALIA

Bandikeni orodha hii ukutani, zaidi kwa nyumba yenye mtu wa miaka 50 na zaidi:

1. Macho ya manjano. Mtazame mchana, mlangoni, penye mwanga wa jua, ukivuta kidogo ngozi ya chini ya jicho. Mwanga wa taa ao wa tochi unadanganya.

2. Mkojo mweusi kama chai kavu, choo cheupe kama majivu ao chenye mafuta yanayoelea, na mwili kuwasha bila vipele.

3. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni, yanayozidi mtu akilala chali na kupungua akiinama mbele.

4. Kukonda bila sababu na kukosa hamu ya chakula kwa majuma mengi.

5. Kisukari kinachoanza ghafula kwa mtu wa zaidi ya miaka 50, zaidi kama anakonda. Tusiogope kupita kipimo: katika watu 100 wa namna hiyo, karibu 1 tu ndiye anayekutwa na kansere ya kongosho katika miaka mitatu. Lakini munganga aambiwe.

Na hapa tunaweka neno la tumaini kwa herufi nzito. Macho ya manjano mara nyingi si kansere ya kongosho. Yanaweza kuwa malaria kali, ugonjwa wa ini wa virusi, ao mawe katika nyongo. Mengi ya hayo yana dawa ao upasuaji, na mgonjwa anarudi kwenye shamba lake. Ndiyo sababu ya kukimbia mapema. Anzeni kwa kituo cha afya cha karibu, muombe karatasi ya kutumwa mbele. Hapa Bukavu, Hospitali Kuu ya Rufaa na Hospitali ya Panzi zina wanganga wa upasuaji. Tunajua kwamba tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025 safari imekuwa ngumu kwa jamaa nyingi. Hapo shirika lijikusanye. Feza zinazochangwa kwa jeneza zinaweza kuchangwa mbele kwa ekografi.

TUFANYE NINI MBELE UGONJWA HAUJAFIKA?

Wachimbaji wanatuuliza kama vumbi la shimo ao zebaki ya kusafisha zahabu inaleta kansere hii. Yaliyo hakika ni haya: vumbi la mawe linaharibu mapafu na linaweza kuleta kansere ya mapafu, zebaki inaharibu ubongo na figo. Mama wanaotwanga mawe wafunike pua na waloweshe mawe maji. Zebaki isichomwe katika nyumba wanamolala watoto. Hizo ni sababu za kutosha za kujilinda.

Kwa kongosho yenyewe, adui wa kwanza ni tumbaku. Mvutaji ana hatari karibu mara mbili kuliko asiyevuta. Akiacha, hatari inashuka polepole, na baada ya miaka kadiri ya 20 anakaribia kuwa sawa na asiyevuta. Kijana wa shimo, sigara unayoikubali leo sababu ya baridi ya usiku inaandika deni litakaloombwa ukiwa na miaka 65.

Adui wa pili ni pombe kali. Lutuku na vichupa vya plastiki vinavyouzwa karibu na kila mgodi vinachoma kongosho miaka na miaka mpaka inakauka, na kongosho iliyochomwa hivyo ni shamba tayari kwa kansere. Adui wa tatu ni unene pamoja na kisukari kisichotunzwa. Zamani tulidhani ni magonjwa ya watu wa Ulaya, lakini angalieni wenye kupata feza katika migodi: bia, nyama, pikipiki kwa kila safari, na hakuna kutembea tena. Mwisho ni damu ya jamaa. Katika wagonjwa 100, wa 5 mpaka 10 wana urithi ndani ya jamaa. Kama baba na shangazi walikufa hivyo, watoto wamwambie munganga. Na hapa tena karuho inatudanganya: jamaa inayoamini kwamba wawili walilishwa haitajua hata siku moja kwamba ina urithi wa kuchungwa.

KAMA NI KUCHELEWA

Wengine watafika wamechelewa, hata wakifanya yote vizuri. Hapo kazi haijaisha. Munganga wa upasuaji anaweza mara nyingine kufungulia nyongo njia nyingine, na manjano na kuwashwa vinapungua. Maumivu nayo yana dawa. Kule Uganda, tangu mwaka 1993, shirika moja lililoanzishwa na munganga Anne Merriman, mwanamke Mkristo, lilifundisha namna ya kutuliza maumivu ya kansere kwa morfini ya kunywa, kwa bei ndogo, mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Muulize munganga waziwazi juu ya dawa hiyo. Kuvumilia maumivu yanayoweza kutulizwa si sifa ya imani.

Na mgonjwa anahitaji watu wake. Nyumba ambamo kila mtu anamshuku mwenzake haiwezi kumtunza mgonjwa. Mke anaogopa kumpa maji, sababu watasema ni yeye. Mama mkwe hakanyagi tena. Mzee anakufa peke yake kati ya watu wengi. Hiyo ndiyo sumu ya kweli iliyoingia nyumbani.

Katika Injili ya Yoane, sura ya 9, wanafunzi walimwona kipofu na wakamwuliza Yesu nani alikosa, mtu yule ao wazazi wake. Yesu alilikataa swali lao, akamponya mtu. Tunaomba kila jamaa ifanye vile. Swali la nani alimlisha tuliache mlangoni, tuchukue swali la munganga: anaugua nini, na tangu lini?

Baba yule wa hadithi yetu hatutamrudisha. Lakini bibi kizee wa nyumba ya pili bado yuko hai. Juma hili, mtu mmoja wa nyumba ile amtembelee, akae naye, na akubali kikombe cha chai kutoka mkononi mwake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA SHIRIKA

1. Katika jamaa yetu, nani aliyekufa kwa "tumbo"? Alikuwa na miaka mingapi, na alikuwa na alama gani kati ya zile tano?

2. Je, kuna mwanamke kati yetu aliyelaumiwa juu ya kifo kile? Tumfanyie nini leo?

3. Shirika letu linaweza kuweka feza kidogo kila mwezi kwa safari na vipimo vya mgonjwa? Nani atazitunza?

4. Vijana: kati ya sigara, lutuku na kuacha, rafiki zako wa shimo wanakusukuma wapi, na wewe utawajibu nini?